Ree mbili mkononi, na jirani hapoi

Ukipata ree mbili (karata za A, zilizo kubwa kuliko zote) kwenye poka ya Texas, ambapo kila mtu ana karata mbili zake za siri na nyingine za wote hufunuliwa mezani, usizifiche nguvu zake mapema. Jamaa wa kulia kwangu hupandisha dau karibu kila duru. Akiweka 300, mimi naweka 1,000 papo hapo. Nataka nibaki naye peke yake: dhidi ya mtu mmoja, ree mbili hushinda karibu mara 85 kwa 100, dhidi ya wanne, kama 56 tu.

Karata tatu za kwanza za mezani zikiwa mfalme wa shupaza, saba ya pau na mbili ya uru, hapo ndipo natulia. Anaweka, nalipa. Anaweka tena, nalipa. Mwacheni ajaze chungu, yaani fedha zinazoshindaniwa, mwenyewe!

Ila hizo tatu zikitoka kopa tupu nami sina kopa hata moja, sivizii. Akipitisha zamu, naweka nusu ya chungu, asiione karata ya nne bure.