Fungua plagi kwanza: umeme kwenye karakana ya kuchomelea

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, Dar es Salaam. Nilianza kama saidia fundi, leo nina karakana yangu na vijana wanne. Kijana mpya akija, siku ya kwanza hashiki holda, kile kishikio cha fimbo ya kuchomelea. Nampa bisibisi na plagi ya drili, namwambia aifungue.

Nina sababu. Nilipokuwa bado kwa bosi, mwenzangu alishika drili asubuhi baada ya mvua, drili ya zamani yenye bodi ya chuma, miguuni kandambili, sakafu imelowa. Hakupiga kelele. Alikakamaa tu, mkono umeing'ang'ania drili, mpaka mzee mmoja alipokimbilia meni swichi. Alipona, namshukuru Mungu, ila kiganja kina kovu mpaka leo. Tulipofungua plagi tukakuta waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, umekatwa. Mtu aliifupisha kebo, ule wa tatu haukufika, akaona si kitu. Na drili ilikuwa inazunguka vizuri kila siku! Ethi ikikosekana kazi haisimami, kwa hiyo hakuna anayeiulizia mpaka siku umeme unapovuja kwenye bodi.

Basi fungua. Plagi yetu ya pini tatu bapa, ishike pini ndefu ikiwa juu, ndani yake ukipatazama. Juu ni ethi, waya wa kijani na njano. Kulia, penye fyuzi, ni waya wa moto: kahawia, au mwekundu kwenye kebo za zamani. Kushoto ni nyutro: bluu, zamani mweusi. Waya wa ethi uachie urefu kuliko wenzake, ili mtu akivuta kebo kwa nguvu, wa moto uchomoke kwanza na ethi iwe ya mwisho. Halafu tazama kebo inapoingilia. Kile kibano kishike ganda la nje, si nyaya za ndani. Fyuzi nayo itazame: drili ya wati 800 kwenye volti 230 inakula kama ampea 3 na nusu, fyuzi ya ampea 5 inaitosha. Ukikuta kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, chombo hicho hakiwashwi siku hiyo.

Grainda nyingi za sasa zenye bodi ya plastiki utazikuta na nyaya mbili tu. Hizo zina alama ya mraba ndani ya mraba kwenye kibandiko; zimekingwa mara mbili, hazihitaji ethi. Usihangaike kuitafuta, lakini kebo ikichubuka usiizungushie solotepu ukaendelea. Kata sehemu mbovu, unganisha upya kwenye plagi, au badilisha kebo yote.

Ethi ya kwenye plagi ni kazi bure kama jengo lenyewe halina ethi rodi ardhini. Hapo muite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, aje na kipimo chake apime. Usimpe kazi hiyo kishoka, fundi asiye na leseni, kwa sababu bei yake ni nafuu. Akiwa hapo, mwambie afunge na breka ya RCD ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja. Mwili ukipitiwa na umeme wa miliampea kumi na kitu tu, mkono unaweza kushindwa kuachia. Ukizidi hapo na kukaa kifuani, moyo unavurugika. Breka ya kawaida ya ampea 32 haioni kitu kidogo hivyo. RCD inaona, inakata. Ina kitufe kimeandikwa T: kibonyeze kila mwezi. Isiposhuka, imekufa, nunua nyingine.

Sasa mashine ya kuchomelea yenyewe. Ile klampu tunayoiita ethi si ethi ya jengo, na vijana wengi hawalijui hilo. Ni njia ya umeme wa kuchomelea kurudi kwenye mashine. Ibane kwenye chuma unachokichomelea, karibu na unapochoma. Ukiibana kwenye nguzo ya banda au geti la mbali kwa sababu kebo ni fupi, umeme ule mwingi unatafuta njia yake wenyewe ya kurudi, unaweza kupitia waya wa ethi wa drili ya jirani na kuuchoma, na mwenye drili hatajua. Na acheni kubana holda kwapani mnapobadilisha fimbo! Mashine isipochoma inaweza kuwa na volti 80 kwenye fimbo, na kwapa lina jasho. Vaa glavu kavu za ngozi na buti. Kandambili ziache mlangoni. Ukichomelea ndani ya tangi umeegemea chuma pande zote, simama au lala juu ya ubao mkavu, na mtu akae nje karibu na swichi.

Mashine hiyo usiichomeke kwenye ekstensheni ya sebuleni. Ipewe laini yake na breka yake kutoka kwenye bodi ya breka za jengo. Ekstensheni ya kuzungushwa kwenye gurudumu, kwa vyombo vidogo, ifungue yote kabla ya kuwasha. Ikiachwa imeviringwa inapata joto mpaka ganda linayeyuka.

Umeme ukikatika, zima kila mashine na uchomoe plagi. Siku moja LUKU iliisha grainda ikiwa mezani, swichi imebaki juu. Kijana akaingiza tokeni, grainda ikaamka yenyewe, ikaruka hadi chini karibu na mguu wa mteja. Na kama una jenereta, ipitie kwenye chenji ova, swichi ya kuchagua umeme wa TANESCO au wa jenereta. Ukiichomeka kwenye soketi tu, umeme wako unatoka hadi kwenye laini ya TANESCO, na huko juu ya nguzo yuko mtoto wa mtu anayedhani laini imezimwa.

Kwa kutengeneza chochote: shusha breka, ifunge kwa kufuli dogo, ufunguo uwe mfukoni mwako, si juu ya meza. Kisha pima. Testa ya bisibisi naitilia shaka, hivyo kipimo chako kijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, ndipo upime unapotaka kushika, kisha ukirudishe tena pale pa kwanza. Hapo ndipo utajua kwamba kipimo hakikukudanganya.

Mwenzako akinaswa, usimshike. Kimbilia meni swichi. Ikiwa mbali, mwondoe kwa mti mkavu huku umesimama juu ya ubao mkavu. Kama hapumui, mlaze chali, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, kandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine apige 112. Msiache mpaka msaada ufike. Na akiinuka akacheka, akasema yuko fiti, mpelekeni hospitali hivyo hivyo. Mwambieni daktari ni umeme, na uliingilia mkono gani ukatokea wapi, ili aupime moyo.