Somo: Uko likizo Dar na unataka kukaa kwenye shindano la poka? Pitia hapa kwanza

Wakuu habari za kusini. Tangu nimerudi Mtwara nimeulizwa sana hii habari, leo mvua imetufungia ndani huku Shangani basi naandika yote mara moja. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima, msimu wa korosho ukiisha ndo napata likizo, na safari hii nilienda Dar kwa shemeji nikajitosa kwenye shindano la poka, ule mchezo wa karata, kasino moja ya pale mjini. Sikushinda, nasema mapema ili msije mkadai.

1. Pesa kwanza. Shindano lina kiingilio, unalipa mara moja unapewa chipsi (vile vidude vya mviringo vya kuwekea dau, sio za mayai) na wote mnaanza sawa. Langu lilikuwa laki moja na kumi na tano, laki inaingia kwenye zawadi na hiyo kumi na tano ni ya kasino yenyewe. Zile chipsi hazina thamani ya pesa, huwezi kuchoka katikati ukazipeleka kaunta wakubadilishie, unacheza mpaka ziishe au mpaka ubaki kwenye wale wachache wa zawadi. Sisi tulikuwa 41, waliolipwa ni 5 tu. Kwa hiyo hesabia kwamba hiyo pesa umeshaila kama vile umeenda kula kamba wa kuchoma ufukweni, na nauli ya kurudi mwachie mwenyeji wako, usitembee nayo mfukoni.

2. Beba kitambulisho, chini ya miaka 18 huingii. Kasino ni za kisheria nchini, zinasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa hiyo leseni ulizia. Ukitumiwa meseji kwamba kuna shindano chumbani kwa mtu, achana nayo.

3. Usicheze siku uliyoshuka kwenye basi. Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 500, mgongo wote unauma na kichwani bado unasikia muziki wa dereva. Mimi nilishuka jioni nikaoga nikaenda, nikakuta usajili wa kuchelewa bado uko wazi nikajiona nina bahati, kumbe blaindi zimeshapanda mara mbili.

Blaindi ni hivi, watu wawili wa kushoto kwa mwenye batani (kidude cha kuonyesha zamu ya kugawa ni ya nani) wanaweka chipsi kabla hawajaona karata, mmoja ndogo mmoja kubwa, na batani inazunguka kwa hiyo zamu inakufikia tu. Pale kwetu kila dakika 20 zilikuwa zinapanda. Ndo maana huwezi kukaa kimya ukisubiri karata nzuri usiku kucha, zinakutafuna mdogomdogo. Ukibaki na chipsi za blaindi kubwa 10 au chini ya hapo, mambo ya kuchungulia yameisha, ni kuweka zote au kufoldi, yaani kutupa karata.

4. Jifunze mchezo nyumbani. Wengi wanacheza Texas Hold'em, karata mbili zako, tano za wote mezani, zinafunguliwa tatu kwanza (flopu), halafu moja, halafu ya mwisho, unatengeneza tano bora kati ya hizo saba. Sisi tulifanyia mazoezi barazani, badala ya chipsi korosho ghafi moja ni 100, kete ya bao ni 1,000, kilo moja ni kama korosho 200 hivi kwa hiyo inawatosha kabisa watu watano.

5. Hapa ndo nataka msome taratibu maana ndo palinitoa. Mdomo kwanza, mkono baadaye. Blaindi zilikuwa 200 na 400, nikafunua pembeni kidogo kwa kidole gumba, naona esi ya kopa, ya pili esi ya shupaza. Esi mbili zinakuja mara moja katika 221. Moyo ukaenda mbio, nikachukua chipsi moja ya 1,000 nikaitupa mbele bila kusema neno nikijua nimepandisha. Dila (mgawa karata) akasema kolu, yaani nimefuata tu zile 400, akanirudishia 600. Nikabisha, akaitwa msimamizi, akanieleza kwa upole kwamba ukitupa chipsi moja kubwa kimya kimya inahesabika umefuata tu, ungesema "reizi" (napandisha) kabla haijagusa meza ingekuwa elfu moja. Mzee mmoja wa blaindi kubwa na 7 na 4 zake, ambazo angezitupa, akaangalia flopu bure. Flopu ikaja 7, 4 na jeki, yeye ana jozi mbili mimi jozi moja tu ya esi. Mnajua kilichofuata, nilivyokuwa na hasira nikamfuata mpaka mwisho, nikapoteza zaidi ya theluthi ya chipsi. Nilimaliza wa 19.

Na usiweke chipsi kwa awamu, unasukuma kidogo halafu unarudi kuongeza, wanakubali ule mkupuo wa kwanza tu. Simu weka mfukoni. Tena lugha, nilikuwa na jamaa wa Newala akaniambia neno la Kimakonde katikati ya mchezo, la salamu tu wallahi, tukapewa onyo wote wawili maana hawajui tunapeana nini.

MASWALI

Mdau wa Nachingwea: Mkuu nikiwa na kopa nne baada ya flopu nasubiri ya tano, nifuate au nitupe?
— Kopa zilizobaki ni 9, zidisha kwa 4 unapata 36, ndo asilimia zako kwa makadirio ukiziona karata zote mbili zilizobaki. Ikibaki karata moja zidisha kwa 2. Halafu angalia unadaiwa kiasi gani na mezani kuna kiasi gani, ukidaiwa kidogo kwa kingi fuata, kingi kwa kidogo tupa.

Dada wa Lindi: Kaka, wanawake wanacheza? Na mavazi?
— Wanacheza dada, aliyenikalia kushoto alikuwa mama mtu mzima na kilemba chake, alinitesa sana. Vaa vizuri tu, kandambili acha.

Ustadh: Ndugu yangu, hii si kamari?
— Ni kamari Shekhe, sibishani. Aliye na imani yake hapa hapamhusu. Mazoezi ya korosho barazani sisi hatukuwekeana kitu.

Mtani wa Masasi: Karani na pesa za wakulima, tukuamini kweli?
— Mtani, za wakulima zinaenda benki. Hiyo laki ni posho yangu na mke wangu anajua, ila hajui nilitoka wa 19.

Mdau wa Nachingwea: Swali la mwisho, mtu kama sisi anaweza kufika lile shindano kubwa la Las Vegas?
— Hilo la World Series of Poker kiingilio ni dola 10,000, kwa kulipa mwenyewe labda uuze shamba. Ila mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Marekani, Chris Moneymaker, aliingia kupitia shindano dogo la mtandaoni la dola 86, akawashinda watu zaidi ya 800 akabeba dola milioni 2.5. Na hilo jina ni lake kweli, sijatunga. Mhasibu, karani, sio mbali sana.

Mtani wa Masasi: Na korosho za mazoezi ziko wapi?
— Zimeliwa Mtani, ungekuja na uraka wa mabibo tungekubakizia.