Namna ya kuyasoma maisha ya Gottfried Böhm katika makanisa aliyoyajenga

Anayetaka kumfahamu Gottfried Böhm, msanifu majengo Mjerumani aliyezaliwa Offenbach am Main tarehe 23 Januari 1920 na kufariki Köln tarehe 9 Juni 2021, kwa kawaida huelekezwa moja kwa moja kwenye kanisa la hija la Neviges, kwa kuwa ndilo lililopigwa picha nyingi na ndilo linalotajwa kila jina lake linapotajwa. Ushauri wangu ni tofauti. Neviges ingoje. Mtu akianza na mlima ule wa zege atadhani amekutana na fundi aliyeamua siku moja kuwashangaza watu, ilhali mawazo mengi yaliyomo yalikuwa yamekwisha kujaribiwa mahali pengine, kwa vipimo vidogo, kwa muda wa miaka karibu ishirini. Afadhali afuate mpangilio wa maisha yenyewe, na kwa bahati njema sehemu kubwa ya safari hiyo imo ndani ya jiji moja la Köln.

Anza na baba. Dominikus Böhm (1880–1955) alikuwa miongoni mwa wasanifu mashuhuri wa makanisa ya Kikatoliki nchini Ujerumani, na tangu mwaka 1926 alifundisha katika Kölner Werkschulen, chuo cha sanaa na ufundi cha Köln, ndiyo maana mwanawe alikulia Köln. Nenda Riehl, kaskazini mwa jiji, ukalitazame kanisa la St. Engelbert lililokamilika mwaka 1932. Kwanza lizunguke kwa nje, nawe utaona kwamba ni vigumu kuonyesha kwa kidole mahali ukuta unapokwisha na paa linapoanza, kwa sababu maganda yale yaliyopinda huinuka na kukutana juu kana kwamba jengo zima ni kitu kimoja. Wenyeji walilibandika jina la kikamulio cha ndimu. Kisha ingia, keti nyuma, utazame jinsi mwanga unavyoingia kutoka ubavuni na kuiangukia altare, huku waumini wakiachwa katika giza la upole. Mambo hayo mawili, yaani paa lililoungana na ukuta, na mwanga unaotolewa kwa kipimo, yaandike kwenye daftari lako, maana utakutana nayo tena kwa mwana.

Kabla ya kuendelea, ni vizuri kujua alisoma nini. Baada ya kutumikia jeshini na kujeruhiwa vitani, Gottfried alisomea usanifu majengo katika chuo cha ufundi cha München, akahitimu mwaka 1946, na mjini humo humo akajifunza uchongaji wa sanamu katika chuo cha sanaa. Wengi huutaja uchongaji huo kama pambo la wasifu wake. Mimi nauona kuwa ndio ufunguo. Mchongaji halifikirii jengo kama vyumba vilivyopangwa kwenye karatasi, bali kama bonge linalopunguzwa na kukunjwa mpaka lipate umbo, na ukilikumbuka hilo utashangaa kidogo tu utakapofika Neviges.

Kituo cha pili ni kikanisa cha Madonna in den Trümmern, jina lenye maana ya Bikira Maria katika kifusi. Kanisa la parokia la St. Kolumba, katikati ya Köln, liliharibiwa vibaya na mabomu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini sanamu ya Bikira Maria ya zama za kati iliyokuwa kwenye nguzo yake ilisalimika. Böhm, aliyekuwa amejiunga na ofisi ya baba yake mwaka 1947, alipewa kazi ya kuijengea sanamu hiyo makao, na kikanisa kikakamilika mwaka 1950. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza ya kujitegemea, na ndiyo ninayomsihi msomaji aipe muda mrefu kuliko anavyodhani inastahili. Sehemu ya altare ina pande nane na inafanana na hema, na madirisha yake yamejaa malaika waliobuniwa na Ludwig Gies. Hakuna aliyejaribu kulirudisha kanisa la zamani lilivyokuwa wala kukificha kilichotokea. Hema limepigwa juu ya kifusi, basi.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Tangu mwaka 2007 kikanisa hiki kimezungukwa na jumba la makumbusho la Kolumba, mali ya Jimbo Kuu la Köln, lililosanifiwa na Mswisi Peter Zumthor. Kikanisa kina mlango wake kutoka barabarani, kwa hiyo unaweza kuingia kusali au kutazama bila tiketi ya makumbusho. Lakini vioo vile ambavyo zamani vilipokea jua la wazi sasa vimo ndani ya jengo jingine, na mwanga wake wa awali huna budi kuutafuta katika picha za miaka ya 1950. Zitafute kabla ya kwenda, usije ukamhukumu Böhm kwa giza ambalo hakulileta yeye.

Baada ya hapo tengeneza jedwali la majengo, na kwa kila jengo andika tarehe tatu: mwaka wa usanifu au mashindano, mwaka ujenzi ulipoanza, na mwaka wa kuwekwa wakfu. Vitabu na vibao vya ukutani hutaja mmoja tu kati ya hiyo bila kueleza ni upi, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Kwa kazi za kabla ya mwaka 1955 ongeza safu ya nne ya kuonyesha nani alifanya nini, kwani baba na mwana walifanya kazi pamoja hadi Dominikus alipofariki na Gottfried kuirithi ofisi. Usisahau pia mwaka 1951, alipokwenda Marekani kufanya kazi New York na kukutana na wasanifu majengo Ludwig Mies van der Rohe na Walter Gropius. Alirudi akiwa amewaona mabingwa wa kioo na chuma, na bado kwa miaka mingi iliyofuata akachagua zege.

Jedwali hilo litakuonyesha jinsi miaka ya 1960 ilivyojaa. Mwaka 1963 alianza kufundisha Aachen, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1985. Katika muongo huo huo alijenga kanisa la St. Gertrud mjini Köln, ukumbi wa mji wa Bensberg uliounganishwa na mabaki ya ngome ya kale, na Neviges yenyewe, iliyotokana na mashindano ya mwaka 1963, ikaanza kujengwa mwaka 1966 na kuwekwa wakfu mwaka 1968. Pembeni ya miaka hiyo andika pia Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki wa 1962 hadi 1965, uliobadilisha namna waumini wanavyoizunguka altare. Bila huo, mpangilio wa ndani wa Neviges hauwezi kueleweka vema.

Sasa nenda Neviges, mji mdogo ulio sehemu ya Velbert, kwa treni ya S9 inayopita kati ya Wuppertal na Essen. Ukishuka, usitafute njia ya mkato. Ingia kwa ile njia ya mahujaji inayopanda polepole kwa ngazi pana, nyumba ya mahujaji ikiwa pembeni yako na vilele vya zege vikiwa mbele, kwa sababu Böhm alisanifu kutembea kwako kabla hajasanifu kusimama kwako. Ukivuka mlango, tazama chini kwanza: mawe ya sakafuni ni yale yale ya njia uliyoijia, na taa zinafanana na taa za mtaani. Hujaingia chumbani, umefika kwenye uwanja wa mji wenye paa. Viti ni 800 hivi tu, lakini maelfu wanaweza kusimama. Madirisha yenye waridi, ua la Bikira Maria, aliyabuni yeye mwenyewe.

Ili uelewe paa lile linasimamaje bila msitu wa nguzo, chukua karatasi. Ikiwa bapa, hujipinda kwa uzito wake yenyewe. Ikunje mara kadhaa na itabeba hata kalamu. Zege lililokunjwa hupata nguvu kwa namna hiyo hiyo. Husimuliwa kwamba Kardinali Josef Frings, Askofu Mkuu wa Köln wakati huo, ambaye uoni wake ulikuwa umefifia sana, aliipapasa modeli ya Böhm kwa vidole na ikampendeza. Nami naona ni haki kwa jengo la mchongaji kutambuliwa kwa mikono. Usiache kuuliza pia habari za nyufa. Paa lilivuja kwa miaka mingi, mpaka likatengenezwa kwa tabaka jipya jembamba la zege lenye nyuzi za kaboni, kazi iliyomhusisha mwanawe, Peter Böhm.

Wasifu mwingi huishia hapo, na hilo ni kosa. Böhm alipata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo, mwaka 1986, Mjerumani wa kwanza kuipata, akiwa tayari ameanza kutumia kioo na chuma pia, kama inavyoonekana katika jengo la Züblin mjini Stuttgart, na mwaka 2006 ukafunguliwa ukumbi wa maigizo wa Hans Otto mjini Potsdam wenye mapaa mekundu yanayofanana na magamba. Mtaje pia mkewe, Elisabeth, aliyekuwa msanifu kwa haki yake na aliyeshiriki katika kazi zake. Michoro ya makaa ya Gottfried, ambayo mingi imo katika makumbusho ya usanifu majengo ya Frankfurt, iangalie hata kwa nakala, kwani humo utaona jengo likitokea gizani kabla halijawa na vipimo.

Kituo cha mwisho kiko Köln tena, katika mtaa wa Ehrenfeld: msikiti mkuu uliofunguliwa rasmi mwaka 2018, kazi ya mwanawe Paul. Nenda huko siku ile ile unayorudi Riehl, kwanza St. Engelbert asubuhi, kisha msikiti mchana, ukiyatazama maganda ya zege ya mjukuu huku ya babu yakiwa bado machoni pako.