Makro ya Excel inayomwachia mtumiaji achague shiti

Chukua faili la takwimu za mazao la mkoa wa Dodoma. Lina shiti nane, kila halmashauri na yake: DODOMA JIJI, BAHI, CHAMWINO, CHEMBA, KONDOA DC, KONDOA TC, KONGWA na MPWAPWA. Ya tisa ni JUMLA. Leo bosi anataka PDF ya Kongwa na Mpwapwa kwa ajili ya alizeti, kesho atataka Bahi na Chamwino kwa ajili ya mtama na uwele. Ukiyaandika majina ya shiti ndani ya makro (programu ndogo inayofanya kazi yenyewe ndani ya Excel), kila ombi jipya litakurudisha kwenye msimbo, na siku usipokuwepo ofisini kazi inalala.

Wengi huanza na InputBox, yaani kisanduku cha kuandikia, mtumiaji aandike jina la shiti anayoitaka. Achana nayo. Herufi kubwa na ndogo si tatizo, Excel inazichukulia sawa. Lakini mtu akiandika KONDOA peke yake, makro inasimama na kosa namba 9, "Subscript out of range", kwa sababu shiti ya jina hilo haipo. Kuna ya DC (wilaya) na ya TC (mji). Nafasi moja iliyobaki mwishoni mwa jina inaleta kosa hilohilo, na hiyo huioni kwa macho. Mtumiaji asiandike chochote. Aoneshwe shiti zilizopo, aweke tiki.

Njia ya kufanya hivyo ni fomu, yaani dirisha dogo lenye orodha na vitufe. Ila kama watumiaji wako wameizoea Excel, fomu hata haihitajiki. Mtu anashikilia Ctrl, anabofya majina ya shiti anazozitaka pale chini ya dirisha, kisha anaendesha makro:

```
Sub KwaKilaIliyochaguliwa()
    Dim sh As Object
    For Each sh In ActiveWindow.SelectedSheets
        Debug.Print sh.Name
    Next sh
End Sub
```

Weka kazi yako mahali pa Debug.Print, ambayo hapa inaandika tu jina la shiti. Tumetumia Object, si Worksheet, kwa kuwa mtu anaweza kuchagua na shiti ya chati. Hatari iko baada ya hapo: shiti zinabaki zimeshikana, na namba atakayoiandika kwenye seli C5 ya Kongwa inaingia pia C5 ya Mpwapwa kimyakimya. Ndiyo maana kwenye ofisi ya watu wengi tunapendelea fomu.

Kutengeneza fomu

Bonyeza Alt+F11 ufungue dirisha la kuandikia msimbo, kisha Insert, UserForm. Bonyeza F4 upate dirisha la sifa na uipe fomu jina frmShiti. Weka juu yake ListBox moja iitwe lstShiti na vitufe viwili, cmdEndelea na cmdGhairi. Kwenye lstShiti badilisha sifa mbili: MultiSelect iwe 1 - fmMultiSelectMulti, na ListStyle iwe 1 - fmListStyleOption. Hiyo ya pili ndiyo inayoleta viboksi vya tiki. Bila hivyo viboksi, mtumiaji hajui kama anaruhusiwa kuchagua zaidi ya moja.

Bofya fomu mara mbili, futa kilichomo, uweke huu:

```
Public Amekubali As Boolean

Private Sub UserForm_Initialize()
    Dim sh As Worksheet
    For Each sh In ActiveWorkbook.Worksheets
        If sh.Visible = xlSheetVisible And sh.Name <> "JUMLA" Then
            lstShiti.AddItem sh.Name
        End If
    Next sh
End Sub

Private Sub cmdEndelea_Click()
    Amekubali = True
    Me.Hide
End Sub

Private Sub cmdGhairi_Click()
    Me.Hide
End Sub

Private Sub UserForm_QueryClose(Cancel As Integer, CloseMode As Integer)
    If CloseMode = vbFormControlMenu Then
        Cancel = True
        Me.Hide
    End If
End Sub
```

Kisha Insert, Module:

```
Sub TengenezaPDF()
    Dim f As frmShiti, awali As Object
    Dim majina() As Variant, i As Long, n As Long

    Set f = New frmShiti
    f.Show
    If f.Amekubali Then
        For i = 0 To f.lstShiti.ListCount - 1
            If f.lstShiti.Selected(i) Then
                ReDim Preserve majina(n)
                majina(n) = f.lstShiti.List(i)
                n = n + 1
            End If
        Next i
    End If
    Unload f
    If n = 0 Then Exit Sub

    Set awali = ActiveSheet
    Worksheets(majina).Select
    ActiveSheet.ExportAsFixedFormat Type:=xlTypePDF, _
        Filename:=ActiveWorkbook.Path & "\Ripoti.pdf"
    awali.Select
End Sub
```

Mstari wa awali.Select unaonekana kama pambo, lakini ndio unaoziachanisha shiti. Ukiuondoa umerudi kwenye hatari ya C5.

Panapokwama

Orodha ikifunguka tupu, angalia kwanza jina la tukio, yaani ile Sub inayojiendesha fomu inapofunguka. Hata kama fomu inaitwa frmShiti, tukio lake linabaki UserForm_Initialize. Ukiandika frmShiti_Initialize hutapata kosa lolote. Excel haitaliita tu, na utapoteza mchana mzima ukitafuta hitilafu kwingine.

Mtumiaji ameweka tiki, amebofya Endelea, na hakuna kinachotokea? Karibu kila mara mtu ameandika Unload Me kwenye kitufe badala ya Me.Hide. Unload inaifuta fomu pamoja na tiki zake kabla makro haijazisoma. Fomu ifichwe kwanza, isomwe, ndipo makro yenyewe iiondoe. QueryClose ipo kwa sababu hiyohiyo: ile alama ya X kwenye kona nayo huifuta fomu, kwa hiyo tunaigeuza ifanye kazi ya Ghairi.

Kuhesabu kunaanzia sifuri. Shiti nane kwenye orodha ni mistari 0 hadi 7, na ukisahau kutoa 1 kwenye ListCount makro itaanguka mwishoni mwa mzunguko. Wala usisome lstShiti.Value wala ListIndex ukidhani utapata kilichochaguliwa. Hizo ni za orodha ya chaguo moja. Kwenye chaguo nyingi ni Selected tu.

Sharti la Visible tumeliandika kwa ukamilifu makusudi. Wengine hufupisha kuwa `If sh.Visible Then`. Shiti inayoonekana ina thamani -1, iliyofichwa 0, na iliyofichwa kabisa, yaani xlSheetVeryHidden, ina 2. Kwa kuwa 2 si sifuri, shiti ya siri inaingia kwenye orodha, na mtumiaji akiichagua, Select inakataa na kosa namba 1004. Kosa hilohilo la 1004 hujitokeza pia pale Ripoti.pdf ya jana ikiwa bado iko wazi kwenye kompyuta, ifunge, urudie. Faili ambalo halijawahi kuhifadhiwa nalo halina Path (folda lilimo), kwa hiyo lihifadhi kwanza.

Tumepitia Worksheets, si Sheets, kwa sababu Sheets inajumuisha na shiti za chati. Kigeuzi cha aina ya Worksheet kikikutana na chati unapata kosa namba 13.

Majina ya miaka yana mtego wake. Ukiwa na shiti inayoitwa 2024 na ukalisoma jina kutoka kwenye seli, Excel inapokea namba, inatafuta shiti ya elfu mbili na ishirini na nne kwa mpangilio, inakosa. Andika `Worksheets(CStr(Range("A1").Value))`. Majina yanayotoka kwenye orodha ya fomu ni maandishi tayari, hayana shida hiyo.

Kurasa za PDF zitafuata mpangilio wa shiti ndani ya faili, si mpangilio wa kutiki. Anayetaka Mpwapwa itangulie Kongwa aisogeze shiti yenyewe.

Kuwagawia wengine

Hifadhi kwa aina ya .xlsm, ukihifadhi kwa .xlsx makro zinaondolewa. Ukilituma kwa barua pepe, anayepokea anaweza kuona utepe mwekundu unaosema makro zimezuiwa. Alifunge faili, alibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, achague Properties, aweke tiki kwenye Unblock, abofye OK, ndipo alifungue tena. Na anayefungua kwenye simu mwambie mapema asubiri kompyuta: Excel ya simu inaonyesha shiti zote vizuri, lakini makro haiendeshi.