Mzazi hana hela ya chuo? Haya yawekeni sawa kabla dirisha la mkopo halijafunguliwa

Nawaandikia nyie mliomaliza fomu siksi, mnasubiri matokeo na mnajua kabisa nyumbani hakuna kitu, sio kwamba mzazi hataki, hana. Mama yetu anauza mihogo na chapati Mbagala na kwa hiyo mihogo katufikisha wote hapa tulipo, kwa hiyo ilipofika zamu ya mdogo wangu kwenda chuo hakuna aliyethubutu kumuuliza mama habari za ada. Mimi kama dada mkubwa nikabeba upande wa makaratasi, na niwaambie ukweli wadogo zangu, karatasi zinaanza kukukwamisha mapema kuliko hela.

Anza na cheti cha kuzaliwa, tena anza leo. Bodi ya Mikopo (HESLB) wanataka cheti kilichohakikiwa na RITA, yani wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa waliozaliwa Zanzibar wakala wao ni ZCSRA, yani kuwa nacho tu haitoshi, unaomba uhakiki mtandaoni, unalipia, alafu unasubiri wakurudishie majibu. Kama umefiwa na baba au mama, cheti cha kifo nacho kinapita njia hiyo hiyo. Dirisha la mkopo miaka ya karibuni limekuwa likifunguliwa mwezi wa sita au wa saba, na likishafunguliwa watu wanakimbilia uhakiki kwa pamoja, sasa wewe mwenye muda mwezi wa tano kwa nini usubiri foleni hiyo?

Alafu majina. Hili naomba mnisikilize. Siku moja usiku umeme umekatika tukatandaza kila karatasi ya dogo kwenye mkeka, tunamulika na tochi ya simu, cheti cha kuzaliwa, cha fomu foo, namba ya NIDA, mama kashika cheti kwa ncha za vidole asikitie mafuta. Tukaanza kusoma jina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ramadhani, cha shule kinasema Ramadhan. Herufi moja! Miaka yote imekaa pale hakuna aliyeiona, na shule ndo waliikosea wakati wa kusajili mtihani. Ikabidi tutafute wakili, dogo akaapa kwamba majina yote mawili ni yake, imekula hela na safari mbili za mjini, lakini tulikuwa bado tuna wiki kibao mbele. Mngeigundua siku ya mwisho mngelia. Kwa hiyo kaeni chini mfanye hivyo hivyo, na mzazi awepo maana kuna majina yeye ndo anajua yalitoka wapi.

Ushahidi wa hali ya nyumbani nao ukusanye mapema. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, tafuteni ile namba ya kaya, usiache kuijaza. Kama kuna mtu au taasisi ilikulipia shule, omba barua ya ufadhili, maana mtu akiona umesoma shule ya kulipia na huna barua atajuaje kwamba hela haikutoka kwa mama yako? Mwenye ulemavu, au mzazi wake ana ulemavu, kuna fomu inasainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Fomu ya mkopo yenyewe inapita serikali ya mtaa na kwa hakimu au wakili, na inataka mdhamini mwenye kitambulisho, sasa mdhamini muongee naye kabla, usimshtukize mjomba na kalamu mkononi. Na jamani usidanganye kwamba baba amefariki kumbe yupo, itakurudia.

Ada ya maombi ni 30,000, unapata kontrol namba unalipa kwa simu. Hiyo hela iweke pembeni kuanzia sasa. Kwenye steshenari wakikujazia kaa pale pale uangalie kila wanachoandika, nywila ondoka nayo wewe, na mtu yeyote anayekwambia ana ndugu yake ndani ya Bodi ataongeza asilimia ya mkopo ukimpa kitu kidogo, huyo ni tapeli.

Sasa hela yenyewe. Mkopo unaweza kutoka pungufu, na hata ukiwa mzuri boom, yani hela ya kujikimu, la kwanza halikupokei getini, mpaka usajiliwe na usaini. Boom ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, zamani ilikuwa 8,500, na humo kuna chakula na pa kulala. Kwa hiyo piga hesabu ya wiki zile za mwanzo, godoro, ndoo, nauli, bima, chakula cha mwezi mzima, hiyo ndo hela ya kutafuta kuanzia mwezi wa tano. Dogo alibeba mizigo Kariakoo asubuhi na jioni akafundisha tuisheni watoto wa darasa la saba pale mtaani.

Na ndugu. Sisi watu wa Dar kwenye harusi tunaunda kamati, kadi zinatembea, milioni zinapatikana, basi nikafungua grupu la ukoo nikaandika vitu kimoja kimoja na bei yake. Ukisema naomba ada ya chuo mtu anaogopa ananyamaza, ila ukisema godoro 80,000 shangazi anajibu hilo langu. Tulimaliza orodha ndani ya wiki mbili, na nilikuwa natuma picha ya kila kilichonunuliwa.

Mkopo ukija mdogo au ukikosa, rufaa ipo, kata na uambatanishe kile kilichokosekana mwanzo. Ulizia chuo kuhusu kulipa ada kwa awamu kabla hujathibitisha nafasi. Chuo Kikuu Huria unaweza kusoma huku unafanya kazi, na tangu 2023/24 kuna mikopo ya diploma kwa fani za kipaumbele. Mliosoma sayansi mkafaulu sana, ufadhili wa Samia ni wa kwenu na haurudishwi. Mkopo unarudishwa, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, mshahara wa 800,000 hapo ni 120,000, kwa hiyo usikope huku hujui.

Mwisho laini ya simu. Tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako, sio ya shemeji, maana ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja ile namba ya siri ya kuthibitisha inatumwa kwenye namba au barua pepe uliyoombea. Wanaokwenda JKT muachieni mtu mmoja nyumbani mnayemuamini hiyo laini na nywila zote zimeandikwa kwenye daftari.