Kusafiri peke yako kwa pikipiki kutoka Moshi: hatua za kufuata kabla ya kuondoka na ukiwa njiani

Kazi yangu ni uhimilishaji wa ng'ombe, yaani kuwapandikiza mbegu za dume bila dume mwenyewe kuwapanda. Wiki moja inaweza kunipandisha Kibosho, Uru na Marangu, kisha ikanishusha hadi Kahe, na safari zote hizo nazifanya peke yangu kwa pikipiki, mtungi wa mbegu ukiwa umefungwa nyuma. Ng'ombe akiingia kwenye joto hasubiri, kwa hiyo simu ya mfugaji hunikuta mara nyingi nikiwa na haraka. Haraka hiyo ndiyo iliyonifundisha kuwa na utaratibu, kwa sababu anayesafiri peke yake akianguka hakuna anayemwona, na saa nzima inaweza kupita kabla mtu yeyote hajajiuliza yuko wapi.

Hatua ya kwanza: acha ratiba kwa mtu mmoja. Kumwambia mwenzi wako kwamba utarudi jioni hakutoshi. Mtumie ujumbe wenye njia, mwenyeji na saa, kwa mfano: "Natoka Moshi saa mbili asubuhi, nashuka Kahe, nitakupigia saa saba. Ikifika saa saba na nusu sijapiga, nipigie. Nisipopokea, mpigie mwenyeji wangu kwa namba hii." Ukibadilisha njia, simama kwanza umjulishe. Mtu huyo awe wa kupokea simu, na ajue kabisa kwamba ukichelewa ni wajibu wake kuanza kukutafuta.

Hatua ya pili: kagua pikipiki ingali baridi. Pima upepo wa tairi kabla ya kuanza safari, kwa kuwa tairi likishapata joto kipimo hupanda na kukudanganya. Angalia ulegevu wa cheni, breki zote mbili, taa ya mbele, taa ya breki na indiketa. Kebo ya klachi ikague pale inapoingia kwenye mkono wa klachi: ukiona uzi mmoja umekatika, ibadilishe siku hiyohiyo, kwani nyuzi zilizobaki hazitachukua muda mrefu. Beba tyubu ya akiba, viraka, pampu na spana ya ekseli. Mzigo ukae chini na katikati, ufungwe kwa mipira miwili inayopishana, kisha uutikise kwa mkono. Mzigo ukicheza pikipiki ikiwa imesimama, kwenye kona utakuvuta.

Hatua ya tatu: simu ikae mwilini, isikae kwenye begi. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Niliwahi kuangukia upande wa kulia kwenye mchanga wa barabara ya vumbi karibu na Kahe. Mguu ulibanwa chini ya pikipiki, ekzosi ikaanza kuunguza suruali, na begi lililokuwa juu ya tangi likarushwa hatua kama sita mbele yangu. Simu iliita ndani ya begi hilo mara tatu. Alikuwa mfugaji akiuliza nimefika wapi, nami nilikuwa naisikia bila kuifikia. Aliyenitoa ni kijana mchunga mbuzi aliyeliona vumbi. Tangu siku hiyo simu hukaa kwenye mfuko wa jaketi wenye zipu, upande wa kifua.

Katika mfuko wa pili weka kadi ya karatasi yenye jina lako, namba mbili za ndugu, kundi lako la damu na dawa zinazokudhuru, kwa sababu simu yenye nywila haimsaidii msamaria. Helmeti ifungwe mkanda kila safari, hata ya kwenda dukani. Vaa suruali nzito, viatu vinavyofunika vifundo na kizibao cha kuakisi mwanga.

Hatua ya nne: endesha kulingana na barabara uliyo nayo. Kwenye lami, iwe ni ya kwenda Himo au ile ya kilomita zipatazo 80 hadi Arusha, hatari kubwa ni malori, mabasi na daladala zinazorudi barabarani ghafla kutoka kituoni. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde. Gari la mbele likipita nguzo ya umeme, hesabu sekunde tatu kabla nawe hujaifikia. Kwenye mteremko wa daraja la Kikafu usijaribu kuovateki, hata kama lori lililo mbele linatambaa. Lori linapokupita, shika usukani imara bila kukaza mabega, kwa maana upepo wake hukusukuma kwanza, kisha hukuvuta.

Kushuka kutoka mlimani kunadai nidhamu ya namna yake. Wapo wanaozima injini na kuiachia pikipiki iserereke ili kuokoa petroli, na jambo hili linanisikitisha kila ninapoliona, kwa sababu breki ikibeba uzito wote hupata moto na kupoteza nguvu hukohuko mteremkoni. Shuka kwa gia ya pili, uiache injini ikuzuie, na breki itumike kwa vipindi vifupi.

Kwenye mchanga, legeza mikono, tazama mbali, ongeza mafuta taratibu na usiguse breki ya mbele. Katika mvua za Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa vijijini huteleza kama sabuni. Mfereji uliofurika na kufunika njia usiuvuke kama huoni chini. Geuza urudi, mfugaji ataelewa. Mimi hujipangia kuwa nimefika lami kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Hatua ya tano: ukianguka. Zima swichi. Ukiweza kutembea, ondoka barabarani, kisha kaa chini dakika chache na ujichunguze kuanzia vidoleni, kwa kuwa maumivu ya mfupa uliovunjika yanaweza kuchelewa. Ukiwa na maumivu ya shingo au mgongo, usijiinue. Piga 112 na uwaombe wanaofika wasikuvue helmeti ikiwa unapumua vizuri.

Ukiwa mzima, pikipiki hunyanyuliwa kwa miguu, si kwa mgongo. Iweke kwenye gia ili isiviringike, na kama imelalia upande wa kulia, teremsha stendi ya pembeni kwanza. Ipe mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, kisha rudi nyuma kwa hatua fupi hadi isimame. Kabla ya kuiwasha tena, jaribu breki, hakikisha usukani haujapinda, halafu mpigie yule uliyemwachia ratiba, umweleze ulipo na umpe saa mpya ya kungojea simu yako.