Jinsi ya kusoma rankingi za dats duniani (na kutengeneza ya klabu yenu bila kugombana), hatua kwa hatua kutoka Tanga

Desemba 2025 kwenye mashindano ya dunia ya dats, huu mchezo wa kurusha vishale kwenye bodi, pale Alexandra Palace, London, David Munyua wa Kenya, ambaye kazi yake ni daktari wa mifugo, alikuwa nyuma seti 2-0 mbele ya Mike De Decker wa Ubelgiji, akazirudisha akashinda 3-2. Kijiweni kwetu Ngamiani kesho yake hakuna aliyeongelea kitu kingine. Basi mmoja akauliza, "sasa huyu Munyua ni wa ngapi duniani?" na hapo ndo vurugu ikaanza, kila mtu na simu yake, kila simu na namba yake, huyu kafungua list ya wazungu wa kwenye tivii, yule kafungua ya shirikisho, mwingine sijui kafungua nini, na wote wanabishana kama vile wanaongelea kitu kimoja. Mi ndo natunza rankingi ya klabu yetu mwaka wa tano huu, nikaona niandike kabisa, maana hili swali limenichosha.

Hatua ya 1: Kwanza jua list unayoisoma ni ya nani

Usiangalie namba kwanza, angalia juu ya list imeandikwa nini. Dats haina FIFA yake, yaani hakuna chombo kimoja ambacho wote wanakisikiliza. Kuna WDF, shirikisho la dunia, ambalo wanachama wake ni vyama vya nchi, wewe na mimi hatuwezi kujiunga wenyewe hata tukiwa na hela. Afu kuna PDC, hiyo ni kampuni ya mashindano ya kulipwa, ndo wale wa kwenye tivii na mashabiki waliovaa kama katuni.

Zimetokaje mbili? Zamani Uingereza mwenye mchezo alikuwa chama cha BDO, kilichoanzishwa 1973 na bwana mmoja anaitwa Olly Croft. Miaka ya themanini mwishoni dats ikapotea kwenye tivii, hela zikakauka, wachezaji wakubwa wakaona wanalala njaa, mwaka 1992 wakaanzisha chama chao wenyewe, humo alikuwemo Eric Bristow na Phil Taylor. BDO wakawafungia. Kesi ikaenda mpaka 1997 ndo wakapatana, kila mtu abaki na lake, na wale waasi ndo PDC ya leo. BDO yenyewe ilikufa 2020 na WDF wakaanza kuandaa mashindano yao ya dunia, ya kwanza yalichezwa 2022 pale Lakeside. Kwa hiyo "bingwa wa dunia" wapo wawili na wote hawadanganyi. Ukishalijua hilo nusu ya ubishi wa kijiweni umeisha.

Hatua ya 2: Uliza wanahesabu nini, hela au pointi

Hapa ndo utamu ulipo. PDC wanahesabu hela, basi. List yao kubwa inaitwa Order of Merit, na pauni moja uliyoshinda ni pauni moja kwenye rankingi. Hawajali ulimfunga nani, hawajali wastani wako wa alama, unaweza kupiga 180 (alama za juu kabisa kwa mishale mitatu) mara kumi ukatolewa raundi ya kwanza na yule aliyebahatisha akapita akakuzidi.

Ila siyo kila hela inaingia, na hapa wengi wanapotea. Premier League yao inalipa hela ndefu, wiki hadi wiki ipo kwenye tivii, lakini kwenye Order of Merit inaingia sifuri, kwa sababu ile ni ya kualikwa. Na haki kabisa, maana wangeihesabu wale wachache wanaoalikwa wangekaa juu milele na wasioalikwa wasingewafikia hata wakicheza mpaka mvi.

WDF wao wanatumia pointi. Mashindano yanapangwa kwa madaraja, platinamu, dhahabu, fedha, shaba, na ubingwa wa daraja la juu unakupa pointi nyingi kuliko ubingwa wa shaba. Wanaume wana list yao, wanawake yao, na vijana wavulana kwa wasichana nao wana zao. Mfumo huu kwangu mi ndo unaofaa klabu za huku, kwa sababu rahisi tu, sisi hatuna hela za kuhesabu. Zawadi yetu ya mwisho ilikuwa mbuzi, sasa mbuzi utamgawaje kwenye Excel?

Hatua ya 3: Uliza inakaa muda gani

Hii ndo hatua ngumu kuwaelewesha watu wetu, maana tumezoea ligi. Ligi msimu ukianza Coastal Union na wenzake wote wako sifuri. Rankingi haianzi sifuri hata siku moja, inatembea. PDC hela yako inakaa miaka miwili halafu inaondoka yenyewe, mashindano yaleyale yakichezwa mara ya pili mbele. Ni kama wanavyosema kuhusu Tanga yetu, waja leo waondoka leo.

Mfano mzuri ni Michael Smith. Januari 2023 alishinda ubingwa wa dunia wa PDC, pauni 500,000, ikambeba juu. Mashindano ya kuingilia 2025 akatolewa mechi yake ya kwanza tu, zile laki tano zikatoka, akadondoka nje ya 16 bora. Na mashindano hayohayo aliyeshinda ni Luke Littler, miaka 17, kachukua pauni 500,000 zake, zitakaa mpaka mashindano yanayoisha Januari 2027, na Novemba 2025 dogo akawa namba moja. Kwa hiyo ukiona mtu ameshuka usikimbilie kusema kaisha, fungua uone ni hela ya lini imetoka.

Hatua ya 4: Uliza list inafungua mlango gani

Rankingi siyo sifa tu, ni funguo. PDC wana watu 128 wenye tua kadi, kadi ya kuchezea mzunguko wao, ya miaka miwili. Ukimaliza ndani ya 64 bora unabaki nayo, ukiwa chini na muda wa kadi umekwisha unaenda kuitafuta upya Januari kwenye mchujo wanaouita Q-School. Mashindano ya dunia ya 2025/26 yaliongezwa yakawa ya watu 128: 40 wanatoka Order of Merit, 40 list ya mzunguko ya mwaka mmoja, wengine wanatoka kwenye kufuzu kwa kanda mbalimbali. Munyua aliingia kwa mlango huo wa kanda, upande wa Afrika. Kwa hiyo lile swali la kijiweni jibu lake ni kwamba pale hakufika kwa kuwa wa ngapi, alifika kwa kuwashinda waliokuwa mbele yake.

Hatua ya 5: Sasa tengeneza yenu

Kabla ya pointi, pima bodi. Katikati ya bodi mpaka sakafuni mita 1.73, na mstari wa kusimama mita 2.37 kutoka uso wa bodi, siyo kutoka ukutani! Sisi tulipima toka ukutani miezi mingapi sijui, kumbe bodi ina unene wake, watu walikuwa wanasogea karibu bila kujua, wakienda kucheza Muheza mishale yote inaanguka chini ya waliyolenga. Ukitaka kuhakikisha vuta futi kamba toka katikati ya bodi mpaka kwenye mstari, iseme mita 2.93. Na bodi nunua ile ya nyuzi, usichukue ya karatasi. Nyuzi zenyewe ni katani, katani hii hii, zimebanwa zimesimama wima, ukichomoa mshale tundu linajifunga. Katani iliingia nchini 1893 kupitia Kikogwe, hapo Pangani tu, na bado sisi wa Tanga bodi tunaagiza kutoka nje. Tuyaache hayo.

Pointi zetu ziko hivi. Daraja A ni mashindano ya watu 32 na klabu za nje zimekuja: bingwa 40, wa pili 25, nusu fainali 15, robo 8. Daraja B ni yetu wenyewe: 20, 12, 8, 4. Mwanzo hatukuwa na madaraja, Ijumaa moja mvua ilinyesha wakaja watu watano tu, aliyeshinda akapata pointi sawasawa na aliyewapiga Korogwe na Muheza wote. Grupu la wasap halikulala usiku ule.

Muda wetu ni miezi 12, na tunahesabu matokeo sita bora tu ya mtu, ili asiye na kazi anayecheza kila siku asimzidi mwenye zamu bandarini kwa wingi wa mahudhurio. Kosa langu kubwa lilikuwa kutotoa pointi za zamani. Namba moja wetu alihamia Dar, akakaa mwaka na nusu bila kurusha hata mshale mmoja na bado anaongoza, mpaka mzee mmoja akaniuliza, "mwanangu, huyu anacheza kwa simu?" Niliona aibu.

Sasa angalia hesabu ya fundi baiskeli wetu. Machi mwaka jana bingwa daraja A, 40. Juni nusu fainali daraja B, 8. Agosti wa pili daraja A, 25. Jumla 73. Machi hii yamerudi yaleyale, kashinda mechi mbili katolewa robo, kapata 8, lakini zile 40 zimetoka. 73 toa 40 jumlisha 8, amebaki na 41. Akanipigia usiku, nimeshinda mechi mbili halafu umenipunguzia? Nikamwambia fundi, hujapunguziwa, za mwaka jana zimeondoka na wewe hukuleta za kuzifidia. Akakata simu.

Kwa hiyo kwenye list yenu wekeni safu ya ziada pembeni, "pointi zinazotoka mwezi ujao", mtu azione mapema ajiandae. Mi nimeiweka baada ya simu ile. Fundi sasa hivi kila tarehe moja anakuja mwenyewe na miwani, anaangalia safu hiyo kwanza kabla ya kuangalia yeye ni wa ngapi.